Jeraniamu ya mwitu, Rozanne au zile nyingine: upande ipi?

Ukiingia sehemu wanayouza miche huku mashariki mwa Marekani au upande wa Ontario ukasema nataka jeraniamu, mara nyingi utapelekwa moja kwa moja kwenye vyungu vya maua mekundu, yale ya kuweka barazani ambayo baridi ikianza tu yamekwisha. Sio hiyo. Au tuseme sio hiyo peke yake, maana jina hilohilo linabandikwa kwenye mimea ambayo tabia zake hazifanani hata kidogo, mtu anaondoka na mmea wa jua anaenda kuupanda chini ya mti, baada ya muda analalamika kwamba jeraniamu zinasumbua.

Kwa hiyo nimezichukua nne ambazo ndo watu wanajikuta wanachagua kati yake: ya mwitu yenyewe ambayo ni ya asili ya huku, Rozanne, ile ya mizizi minene kutoka Ulaya, na hiyo ya chungu. Nisifiche, mimi naegemea ya mwitu. Lakini kuna sehemu ningekwambia kabisa achana nayo chukua nyingine, na nitazisema.

Nani ni nani

Ya mwitu ni Geranium maculatum. Inaota yenyewe msituni kuanzia Maine na Ontario kushuka mpaka Georgia, na upande wa magharibi inafika mpaka Oklahoma. Ni kichaka kidogo cha sentimita 30 hadi 60, majani mapana yaliyochanika vipande vitano hivi, maua ya pinki inayoelekea zambarau yenye upana wa sentimita 2.5 hadi 4. Winta sehemu ya juu inakufa yote, chini inabaki raizomu nene, yani shina linalolala ndani ya udongo, ambayo ndo inachipua tena, mwaka hadi mwaka bila wewe kufanya chochote.

Rozanne ni chotara wa Geranium himalayense na Geranium wallichianum. Ilionekana kwenye bustani ya Donald na Rozanne Waterer huko Somerset, Uingereza, mwaka 1989, ikaingia sokoni 2000, na mwaka 2008 Perennial Plant Association, chama cha mimea ya kudumu cha Marekani, ikaichagua kuwa mmea wa mwaka. Maua yake ni bluu ya zambarau yenye weupe katikati, makubwa kuliko ya mwitu, na inatambaa hasa, mche mmoja unaweza kujaza karibu mita nzima.

Ya mizizi minene ni Geranium macrorrhizum, asili yake milima ya kusini mashariki mwa Ulaya, Balkani na maeneo ya karibu. Ni fupi, sentimita 30 hivi, na majani yake ukiyagusa tu yanatoa harufu kali, wengine wanaipenda wengine hawataki hata kusikia.

Ya chungu kitaalamu sio jeraniamu kabisa, ni pelagonia, na nyingi asili yake ni Afrika Kusini. Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya Kilatini, mwaka 1753 alizichanganya zote kundi moja, mwaka 1789 mtaalamu wa mimea Mfaransa L'Héritier akazitenga, ila wauzaji hawakujisumbua kubadilisha na mpaka leo hivyohivyo. Njia ya kuitambua ni kuangalia ua: jeraniamu ya kweli petali zote tano zinalingana, pelagonia mbili za juu zinatofautiana na tatu za chini. Ila hizi za kisasa zilizozalishwa maua yamejazana petali huwezi kuona kitu, hapo soma lebo tu, likiandikwa Pelargonium basi umejua.

Kivuli ndo kinaamua kila kitu

Watu wanalinganisha rangi ya ua kwanza. Mimi nasema anza na sehemu unayopanda, kaa pale uangalie jua linaingia saa ngapi na linatoka saa ngapi, alafu angalia na mti ulio juu yake ni mti gani.

Jeraniamu ya mwitu maisha yake yote imepangwa kwa ajili ya msitu wa miti inayodondosha majani. Mwezi wa nne mialoni bado haijavaa majani, mwanga unafika mpaka chini, udongo una unyevu wa theluji iliyoyeyuka na mvua, basi yenyewe inatumia huo muda kuchipua haraka na kutoa maua kabla juu hakujafungwa. Majani ya miti yakishakuwa mengi imeshamaliza kazi yake kubwa. Ndo maana ukiipanda chini ya mti wa namna hiyo, kwenye udongo wenye mboji ya majani na unyevu wa wastani, unakuta inafanya vizuri kuliko ulivyotegemea bila mbolea wala nini. Jua la asubuhi haina shida nalo. Jua la kutwa inaweza kuvumilia kama udongo haukauki, ila kwenye jua na ukavu kwa pamoja majani yanageuka njano mapema. Upande wa ukuta wa kaskazini ambako jua halifiki kabisa itaishi, lakini maua yatakuwa ya kuhesabu.

Rozanne ni kinyume chake. Inataka jua angalau nusu siku, ikipata kivuli cha mchana kwenye joto kali inashukuru, lakini ukiiweka kwenye kivuli kizito inarefuka kutafuta mwanga na maua yanapungua sana. Kama una kitanda cha maua kilicho wazi mbele ya nyumba hapa sina ubishi, Rozanne inaishinda ya mwitu.

Alafu kuna ile sehemu ambayo kila mtu mwenye mti mkubwa wa mepo (maple) anaijua, chini yake hamna kinachoota maana mizizi ya mti iko juujuu na inakunywa maji yote, unamwagilia leo kesho pamekauka. Hapo jeraniamu ya mwitu itateseka. Itachipua, itatoa maua mawili matatu, mwezi wa saba imelala. Ya mizizi minene ndo ya hapo, kivuli kikavu inakivumilia kuliko hizi nyingine zote, inafunika udongo vizuri mpaka magugu yanakosa nafasi, na kwenye winta isiyo kali sana majani mengi yanabaki, mengine yanakuwa mekundu.

Pelagonia haina haja ya maelezo marefu, inataka jua la masaa sita au zaidi kwa siku, udongo unaopitisha maji, na usiimwagilie kila siku utaiozesha.

Muda wa maua

Hapa ya mwitu inapigwa, tukubali. Inatoa maua kati ya mwezi wa nne na wa sita kutegemea uko kusini au kaskazini, na kwa sehemu moja ni kama mwezi na kitu hivi, basi, mpaka mwakani. Ya mizizi minene nayo ni ya mwisho wa machipuko kwenda mwanzo wa sama, inaweza kurudia maua machache baadae. Rozanne inaanza mwezi wa sita inaendelea mpaka barafu iiguse, yani miezi minne au mitano mfululizo, na pelagonia hivyohivyo ilimradi unakata vichwa vilivyokauka.

Kwa hiyo kama kigezo chako ni kuona rangi kuanzia sherehe za kumaliza shule mpaka mwezi wa kumi, usinunue ya mwitu alafu uje kuilaumu. Ila jiulize pia mwezi wa nne na wa tano bustani yako ina nini, maana wakati huo Rozanne bado ndo inatoa kichwa ardhini na pelagonia sehemu za baridi huwezi hata kuiweka nje.

Wadudu, na hapa ndo nakaa

Kuna nyuki mmoja mdogo anaitwa Andrena distans, anachimba shimo lake ardhini anaishi peke yake, hana mzinga hana malkia, na chavua anayokusanya kulisha watoto wake anaitegemea jeraniamu ya mwitu hii hii. Sio kwamba anaipenda zaidi, ndo chakula cha kulea. Muda wake wa kutoka ardhini umeendana na muda wa maua. Maua ya mwezi wa nane hata yawe elfu hayamsaidii, wakati huo yeye hayupo, amebaki mtoto aliyefunikwa chini ya udongo anasubiri machipuko yajayo. Ndo maana nasema kuhesabu wiki za maua kunapotosha, swali la pili lazima liwe maua ya wakati gani na ya nani.

Na ua lenyewe limetengenezwa kwa akili. Lina stameni kumi, yani sehemu za kiume zenye chavua, zinafunguka kwa awamu mbili tano tano, na wakati huo sehemu ya kike katikati bado imefumba. Chavua ikishaondoka ndo ile ya katikati inafungua ncha zake tano. Kwa hiyo ua halijichavushi kirahisi, linahitaji nyuki atoke ua changa aende ua lililokomaa. Ukipanda mche mmoja peke yake pale pembeni hii biashara inafanyika kwa shida, panda angalau mitatu au mitano pamoja. Petali zina mistari myembamba inayoelekea katikati kwenye nekta, ukiinama ukaangalia karibu unaiona vizuri.

Mbegu sasa. Ua likishapita linabaki kitu kirefu chembamba kilichochongoka juu, kikikauka vile vipande vitano vya pembeni vinajikunja ghafla kwenda juu na kurusha mbegu, ni manati kabisa, zinaenda mita kadhaa. Ndo sababu baada ya miaka miwili mitatu unakuta mche umeota sehemu ambayo hukupanda. Sio mmea wa kuvamia lakini, ukiutaka unaubakiza, usipoutaka unang'oa na mkono.

Rozanne ni tasa, mbegu zinazoota haitoi. Nyuki wanaitembelea kwa nekta, nimewaona, na sio wachache, kwa hiyo wanaosema ni ua la plastiki wanaionea. Lakini haikai kwenye nafasi ya ile ya mwitu kwa yule nyuki wa machipuko. Ya mizizi minene nyuki bambi, wale wanene wenye manyoya, wanaipenda sana. Pelagonia za maua yaliyojazana mdudu akifika anakuta hamna cha maana.

Kituko kimoja cha pelagonia: mbawakawa wa Kijapani wakila petali zake wanapooza ndani ya nusu saa hivi, wanalala chali masaa mengi kabla ya kuzinduka, na wakiwa wamelala hivyo ndege na wadudu wengine wanajipatia chakula. Limechunguzwa na watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani. Sio sababu ya kuinunua ila inafurahisha.

Mwezi wa nane panaonekanaje?

Picha za kwenye katalogi zote ni za siku ua limefunguka. Wewe utaishi na huo mmea mwaka mzima.

Ya mwitu mvua ikiwa ya kawaida majani yanabaki ya kijani mpaka vuli na mengine yanageuka mekundu au rangi ya chungwa, panapendeza. Ukame ukija inaanza kuwa njano na kujilaza mapema, watu wanadhani imekufa wanaing'oa, kumbe raizomu iko salama chini. Dawa yake ni kuipanda kati ya vitu ambavyo vitaziba hilo pengo, makangaga (fern) ya kule msituni yanafaa sana hasa ile Polystichum acrostichoides ambayo inabaki kijani hata winta, na kwa maua ya wakati mmoja nayo Aquilegia canadensis nyekundu au Phlox divaricata ya bluu. Hizo zote ni za msitu huohuo.

Rozanne ikifika katikati ya sama inaweza kuwa imetawanyika hovyo katikati imebaki wazi. Unaikata yote ubakize sentimita 10 hivi, unaimwagilia, inarudi upya na maua. Kazi ndogo lakini ni kazi, ya mwitu haikuombi hata hiyo.

Baridi, wanyama wa nje na wa nyumbani

Ya mwitu inakubali zoni 3 mpaka 8 (zoni ni ngazi za ukali wa winta, namba ikiwa ndogo baridi ni kali zaidi), na zoni 3 ni baridi ya kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, hapo huna cha kuogopa. Ya mizizi minene inaanza zoni 4 bila wasiwasi. Rozanne zoni 5 mpaka 8, kwa hiyo ukiwa Minnesota ya juu kabisa ni kubahatisha. Pelagonia barafu ya kwanza tu imekwenda, ama uiingize ndani dirishani au ununue mpya kila mwaka.

Kulungu hawazipendi sana jeraniamu za kweli, na hii ya mizizi minene kwa harufu yake ndo wanaipita kabisa. Sungura anaweza kuonja machipukizi ya Rozanne na ya mwitu mwanzoni mwa machipuko, weka wavu kidogo mpaka ikue. Kama una paka au mbwa anayetafuna kila kitu ujue pelagonia iko kwenye orodha ya ASPCA, shirika la Marekani la kulinda wanyama, ya mimea yenye sumu kwao, inawatapisha. Raizomu ya ile ya mwitu ina tanini nyingi, ni chungu na inakausha mdomo, wenyeji wa asili wa huku waliitumia tangu zamani kutibu kuharisha na kuzuia damu. Nasema kama historia, usiende kuchemsha.

Kuipata na kuiongeza

Hapa kuna tofauti kubwa ya subira. Mbegu za ya mwitu zinahitaji baridi yenye unyevu miezi miwili mpaka mitatu ndo ziote, ama unazipanda nje kabla ya winta ziachwe zenyewe, ama unaziweka kwenye friji ndani ya mchanga wenye unyevu. Alafu mche wa mbegu maua ni mwaka wa pili au wa tatu. Rahisi zaidi ni kugawa kichaka kikubwa, mapema kabla hakijachipua sana au majani yanapoanza kuisha, kila kipande cha raizomu kiwe na jicho na mizizi, zika juujuu tu usikifukie ndani sana. Rozanne ni kugawa, mbegu hamna. Ya mizizi minene unakata kipande cha shina lililolala chini unalichomeka, imeisha. Pelagonia ni vipandikizi, hata mtoto anaweza.

Kuna toleo la ya mwitu linaitwa Espresso lenye majani ya kahawia, na lingine jeupe linaitwa Album. Espresso ni zuri kweli, kwenye chungu karibu na mlango ningeliweka. Ila kama nia yako ni wadudu na unataka mbegu zijisambaze chukua ile ya kawaida ya kijani.

Usichimbe msituni. Kwenye hifadhi ni kosa, na hata pale ambapo hamna wa kukukamata raizomu yake inakua polepole sana, umeondoa kilichochukua miaka. Uliza muuzaji moja kwa moja kama miche imezalishwa kitaluni. Vilevile kuwa macho na pakiti zilizoandikwa tu jeraniamu ya asili bila jina la Kilatini, Geranium carolinianum nayo ni ya asili ya huku lakini ni ya msimu mmoja, maua madogo hafifu, inaishia kuwa gugu kwenye njia. Geranium robertianum ndo usiiguse kabisa kama uko jimbo la Washington, kule wameiweka rasmi kwenye orodha ya magugu hatari.

Alafu asili ni ya wapi? Kama unaishi Montana au Colorado, Geranium maculatum kwako ni mgeni kama Rozanne tu, za kwenu ni Geranium viscosissimum ya pinki kwa sehemu kavu za wazi na Geranium richardsonii nyeupe kwa sehemu zenye unyevu. Wa Uingereza mna Geranium pratense ya bluu, ya mbugani, inayotaka jua. Vigezo ni hivihivi, badilisha jina tu.

Basi ningefanya hivi

Chini ya mialoni au miti inayopata unyevu, ya mwitu, bila kufikiria mara mbili. Chini ya mepo pakavu, ya mizizi minene. Kitanda cha jua mbele ya nyumba, Rozanne, na kama una nafasi pande zote mbili panda zote, ya mwitu inaanza Rozanne inapokea na wala hazigombanii sehemu. Pelagonia iache kwenye chungu chake barazani, hapo hamna wa kushindana nayo.

Ukishachagua ya mwitu acha sentimita 30 mpaka 45 kati ya mche na mche, mwagilia mwaka wa kwanza mpaka ishike, na matandazo yawe majani makavu yenyewe yaliyodondoka pale, tabaka jembamba. Usimwage yale matandazo mazito ya magome kila mahali, bakiza kipande cha udongo wazi karibu na hapo penye jua kidogo, maana nyuki wa kuchimba hawezi kutoboa tabaka la inchi nne za magome na utakuwa umemwekea chakula ukamfungia nyumba.